Fimbo ya Mchungaji na Daftari la Mwanafunzi

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya watoto wetu wanaume, maana katika nyumba nyingi za Ugogo bado huulizwa: mtoto huyu aende shule, au afuate ng'ombe?

Hapo kale mtoto wa Kigogo alipewa fimbo angali mdogo. Alianza kwa ndama na mbuzi, na alipopata nguvu akakabidhiwa ng'ombe. Mtu asiseme kwamba hakufundishwa. Alijua majani ya malisho na mahali pa maji, akamtambua kila mnyama kwa rangi yake. Kisha aliingia jando, na wazee wakamfundisha adabu na ustahimilivu. Mwisho alipata ng'ombe wa kutoa mahari, akajenga tembe lake. Elimu ile ilimpa maisha.

Sasa tuitazame Ipagala. Mwaka 1973 iliamriwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka 2018 Dodoma ikafanywa jiji. Ipagala leo ni kata ya jiji hilo, na palipokuwa malisho na mashamba pamepimwa viwanja. Basi mtoto atolewaye shuleni ili achunge hupata hasara mara mbili: kusoma hakujua, na atakapokuwa mtu mzima hatakuwa na mahali pa kulisha mifugo.

Tulimwona baba mmoja akiuza shamba alilorithi. Karatasi ililetwa, akatia kidole gumba, kwa kuwa utoto wake wote ulipita machungani. Siku chache baadaye mtoto wa jirani alimsomea ile karatasi, naye akafahamu kwamba ameuza hata sehemu aliyotaka kuwaachia wanawe. Hakusema neno. Alikaa kimya siku nyingi, kisha akaanza kukaa kilabuni.

Kimya kile nacho chatupasa kukifikiri. Jandoni kijana hufundishwa asilie mbele ya kisu. Lakini ustahimilivu ule ulikuwa wa siku ile. Haukuwa amri ya kuficha homa na huzuni maisha yote. Katika nchi yetu wanaume huchelewa kwenda kupima virusi vya UKIMWI kuliko wake zao, na wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kukomaa. Mwanamume asemaye, "Naumwa," hajavunja mafundisho ya wazee wake.

Njia ya shule imefunguliwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi. Ada ya shule hizo iliondolewa mwaka 2001, na tangu 2016 iliondolewa pia katika shule za serikali hata kidato cha nne. Mwaka 2021 serikali ilitoa ruhusa kwa wanafunzi walioacha shule warudi. Wala elimu si kitu kigeni kwa Wagogo: shule ya sekondari ya Dodoma iliitwa Mazengo, kwa jina la mtemi wa Mvumi, na tangu 2007 mahali pale pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Kwa hiyo, akina baba, twawasihi. Majirani wenye mifugo wapatane kumlipa mchungaji mmoja aliye mtu mzima, watoto wasaidie siku za mapumziko. Kila jioni mwite mwanao akuonyeshe daftari lake. Hata kama hujui kusoma, yeye atajua kwamba unalijali. Kisha mfundishe yale uliyofundishwa na baba yako, maana mwalimu hawezi kuyafundisha hayo badala yako.

Nanyi walimu, mtoto akikosa siku tatu, msilifute jina lake kabla ya kufika nyumbani kwao. Huenda mkamkuta zizini, akingoja mtu wa kumwombea ruhusa kwa baba yake.