Upepo ukiezua paa la trela: Jinsi ya kumpata fundi Florida bila kulizwa

Kimbunga kikishapita Florida, wa kwanza kugonga mlango mara nyingi si mtu wa bima wala mtu wa serikali. Ni jamaa mwenye pikapu, ngazi juu na kadi za biashara mkononi. Anasema alikuwa anapita tu, kaona paa limeharibika, na kwa bahati ana vifaa vilivyobaki kwenye kazi ya jirani.

Ilikuwa hivyo baada ya Ian mwaka 2022, na tena baada ya Helene na Milton, vimbunga viwili vilivyopiga jimbo hilo vikipishana chini ya wiki mbili mwaka 2024. Mafundi wazuri wanakuwa wameshabanwa na kazi, na hapo ndipo wababaishaji wanapata nafasi.

Kwa anayeishi kwenye nyumba ya kuhamishika, ile ya kiwandani inayoletwa na lori na ambayo wengi huiita trela, presha ni kubwa zaidi. Sakafu za nyingi ya nyumba hizi, hasa za zamani, ni mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa. Maji yakiingia zinavimba na kubomoka kama biskuti kwenye chai. Kila siku paa likiwa wazi, gharama inapanda. Ndiyo maana watu wanasaini haraka.

Si kila fundi wa paa anaijua trela

Trela haijajengwa kama nyumba ya tofali au ya mbao ya kawaida. Tangu Juni 1976 zinajengwa kwa viwango vya serikali kuu ya Marekani, na baada ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992 viwango vya kuhimili upepo vilikazwa, vikaanza kutumika 1994. Ya mwaka 1972 na ya mwaka 2005 ni vitu viwili tofauti kabisa, na fundi anayejua kazi atauliza mwaka kabla hata ya kutaja bei.

Ataingia pia uvunguni. Huko kuna shuka zito la plastiki linaloshikilia sufi ya kuzuia joto na baridi. Likichanika, sufi inanyonya maji na kuning'inia, na sakafu inaendelea kuoza hata kama paa ni jipya. Kuna na mikanda ya chuma iliyofungwa kwenye nanga zilizochimbiwa ardhini. Upepo mkali unaweza kuilegeza au kuisogeza nyumba kidogo, na dalili huwa milango inayogoma kufunga. Anayepanda juu, akapiga picha mbili na kutoa bei, hajakagua kitu.

Leseni: namba iandikwe, kisha ihakikiwe

Florida, kazi ya paa inahitaji leseni ya mkandarasi. Namba yake kwa fundi wa paa wa jimbo zima huanza na CCC, na sheria inamtaka aiweke kwenye matangazo yake. Kuihakiki ni bure kupitia myfloridalicense.com, hata kwa simu: jina litokee, leseni iwe hai, na jina hilo liwe ndilo lililo kwenye mkataba.

Wengi wanapigwa hapa. Mtu anaonyesha karatasi ya kaunti yenye muhuri, kumbe ni risiti ya kodi ya biashara tu. Hiyo haimruhusu kugusa paa la mtu.

Kazi ya kusawazisha trela na kufunga nanga ina leseni yake nyingine, inayotolewa na idara ya jimbo inayosimamia magari na barabara. Ajabu kidogo, ila ina maana: trela nayo ina hati ya umiliki kama gari. Kufanya ukandarasi bila leseni wakati hali ya dharura imetangazwa ni jinai kubwa Florida, kwa hiyo mwenye nyumba asione aibu kuuliza. Texas ni tofauti: jimbo halina leseni ya mafundi wa paa, hivyo huko kilichobaki ni bima ya fundi na kazi alizowahi kufanya.

Pesa ndiyo breki

Anayetaka pesa yote kabla ya kazi aachwe aende. Sheria ya Florida inasema mkandarasi akichukua zaidi ya asilimia 10 ya bei kama malipo ya awali, aombe vibali ndani ya siku 30, na kazi ianze ndani ya siku 90 baada ya vibali kutoka, labda kama kuna sababu ya haki au mwenye nyumba amekubali vingine kwa maandishi. Akisema mwenye nyumba ndiye akachukue kibali kwa jina lake, hapo kuna walakini. Mara nyingi ni kwa sababu yeye hana leseni ya kukichukulia.

Malipo yafuate hatua za kazi, kwa hundi au kadi, si keshi. Ya mwisho yatoke baada ya mkaguzi wa kaunti kupitisha kazi.

Mwingine atasema, "Nisainie hapa, mimi nitamalizana na bima." Kwa bima za nyumba zilizotolewa Florida kuanzia Januari 1, 2023, mwenye nyumba hawezi tena kumhamishia fundi haki ya malipo yake ya bima. Karatasi ya hivyo haina nguvu, na anayeileta ama hajui sheria au anaijua vizuri sana.

Vipi kuhusu FEMA?

Shirika la serikali kuu la kushughulikia majanga, FEMA, haliidhinishi mkandarasi yeyote. Anayejitambulisha kama "fundi wa FEMA" ni tapeli, na mkaguzi wa kweli wa shirika hilo hatozi hata senti. Kama ndiyo makazi yake ya kudumu na eneo limetangazwa kuwa la janga, mwenye trela anaweza kuomba msaada wa matengenezo kwa 1-800-621-3362, na anaweza kuomba mkalimani. Risiti zitunzwe miaka mitatu.

Kabla ya kumlipa yeyote, iko simu moja ya kupiga: ofisi ya ujenzi ya kaunti au mji. Kwenye maeneo ya hatari ya mafuriko, gharama ya matengenezo ikifika asilimia 50 ya thamani ya trela kabla ya kimbunga, kibali cha kuitengeneza ilivyokuwa kinaweza kukataliwa. Trela za zamani zina thamani ndogo, hivyo zinafika hapo haraka. Kuna watu wameweka paa jipya kwenye nyumba ambayo baadaye waliambiwa waiinue au waiondoe.

Kwa wakati huo wa kusubiri, namba 211 humuunganisha mtu na makanisa na vikundi vya kujitolea vinavyofunika paa kwa turubai na kuondoa miti bila malipo. Turubai likikaa sawasawa, mwenye nyumba anapata siku za kutafuta bei tatu, na za kumpa mtu anayejua Kiingereza vizuri ausome mkataba wote kabla hajausaini.