Upepo ni wa Mungu, Ardhi ni ya Nani?



Ndugu msomaji, sisi wa pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, tunaujua upepo kwa majina yake. Mvuvi hupanga safari kwa kutazama kusi na kaskazi. Siku hizi upepo unatafutwa pia na wenye mitambo ya umeme. Kwa nini mitambo isiyotoa moshi huamsha hofu vijijini, nasi tuipokeeje hofu hiyo?

Mtambo wa upepo ni mnara mrefu wenye mapanga, kwa kawaida matatu. Upepo huyasukuma, nayo huzungusha jenereta. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nane. Ndiyo maana mwekezaji hajengi popote. Hutafuta mahali penye upepo mkali na wa kudumu. Mara nyingi mahali hapo pana wenyewe, na hapo ndipo maswali huanza.

Majirani zetu wa Kenya wameyapitia. Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, ulipangwa mradi wa megawati 60.8. Wakulima walihofia mashamba, afya na fidia. Malumbano yakawa maandamano, mtu akapoteza maisha, na mwaka 2016 mradi ukaachwa. Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilijengwa na kuzinduliwa mwaka 2019. Lakini Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi, ekari 150,000, hazikupatikana kihalali. Mradi mmoja ulikwama, mwingine ukasimama. Malalamiko yalikuwa yale yale, kwamba uamuzi ulifanywa bila wenyeji.

Kidonda hicho tunakijua. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ulipofika mpango wa kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba, mwaka 2013 watu walipaza sauti: "Gesi haitoki!" Januari na Mei zikaja ghasia; watu walikufa na mali ziliteketea. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Ghasia hatuwezi kuzitetea. Lakini nyuma yake kulikuwa na swali halali: sisi tutabaki na nini?

Katika Laudato Si' ya mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alihimiza nishati jadidifu kwa ajili ya mazingira nyumba ya wote. Katika waraka huo huo alifundisha kwamba wenyeji wana nafasi ya pekee katika majadiliano, na kwamba tathmini ya mazingira isingoje mradi uwe umeshapangwa. Huu ni mwendelezo wa kanuni auni: ngazi ya juu huisaidia ile ya chini, haiinyang'anyi sauti. Katika falsafa tunajifunza kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba sheria ni agizo la akili kwa mafao ya wote, tena lililotangazwa. Basi anayesema "kijiji kijitoe kwa mafao ya wote" akumbuke kuwa kijiji nacho kimo ndani ya hao wote.

Sheria za nchi zinatupa mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano wa kijiji, yaani watu wazima wote, sauti juu ya ardhi yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi mikubwa. Mradi wa aina hii ukibisha hodi, tuulize mapema. Ardhi itachukuliwa au itakodishwa, kwa miaka mingapi? Mkorosho uliosomesha watoto utathaminiwaje? Kati ya minara watu wanaweza kulima; je, barabara na nyaya zitapita wapi? Minara itakuwa mbali kiasi gani na nyumba, maana mapanga yana kelele? Itakuwaje kwa popo na ndege, hasa karibu na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma? Na umeme wenyewe, utawaka kijijini au utapita juu ya mapaa yetu?

Nasi tuwe wakweli: si kila hofu ina msingi, nyingine ni uvumi. Lakini uvumi hustawi pale maelezo yanapokosekana. Mtaalamu anayemcheka bibi aliyeuliza swali anaupalilia. Anayekaa naye chini ya mwembe akamweleza kwa Kiswahili chepesi ameanza kujenga mradi kabla ya kumwaga zege.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuanza leo, hata kabla ya mwekezaji kufika: kuhudhuria mikutano ya kijiji, kuomba mihtasari isomwe, kujua mipaka ya ardhi yao. Mtu huuliza vizuri zaidi kabla hajaweka dole gumba kwenye karatasi.