Kabla Hujalipia Laptopu, Kagua Betri

Laptopu nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi zimeshatumika ng'ambo kabla ya kufika hapa. Hiyo si shida: bei ni nafuu na nyingi bado ziko sawa. Lakini betri huzeeka hata kama mashine inang'aa. Ndiyo maana tunakwambia: kagua kwanza, PIN baadaye.

Ipime betri ukiwa dukani
Chomoa chaja na uitumie mashine kwa dakika 15. Chaji ikiporomoka haraka au mashine ijizime ghafla, achana nayo. Kama inatumia Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti mahali utakapoonyeshwa imehifadhiwa. "Design Capacity" ni uwezo wa betri ikiwa mpya. "Full Charge Capacity" ni uwezo wake wa sasa. Ukiona 48,000 na 24,000, jua nusu ya betri imeshaenda. Omba upunguziwe bei au uwekewe betri nyingine.

Chagua ya kazi yako
Kwa masomo, barua pepe na hesabu za biashara, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 zinatosha. Soma pia namba ya prosesa. Intel i5-8250U ni ya kizazi cha 8, lakini i5-6300U ni ya kizazi cha 6. Kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Bei ya chini sana mara nyingi inatokana na hapo.

Itunze ukishafika nyumbani
Joto huua betri. Usiweke laptopu juu ya blanketi ikaziba matundu ya hewa, wala usiiache ndani ya gari juani. Usingoje chaji ifike sifuri kila siku. Ikae kati ya asilimia 20 na 80 ukiweza. Kama iko kwa stima siku nzima, angalia kama ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwa asilimia 80. Betri ikivimba, zima mashine, usiitoboe, mpelekee fundi.

Lipa kwa akili
Lipa kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti. Usitume deposit kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye hujaona bidhaa yake. Akishatoa pesa, kuirudisha ni kibarua.

Muuzaji akikunyima hizo dakika 15, mshukuru uende duka jirani. Pesa bado iko kwa simu yako.