Mzigo wa Masomo ya Udaktari na Hulka ya Kumbukumbu

Shahada ya udaktari wa binadamu, ambayo nchini Tanzania husomwa kwa miaka 5 na kufuatwa na mwaka 1 wa utarajali, yaani kipindi ambacho mhitimu hutibu wagonjwa hospitalini chini ya uangalizi wa waliomtangulia, huanza na anatomia, fiziolojia na biokemia, masomo ambayo humtwisha mwanafunzi istilahi nyingi ngeni kabla hajazoea hata njia ya kwenda maktaba. Wengi hukabili mzigo huo kwa kuongeza saa: hukesha, au kama wanavyosema wenyewe, hupiga msuli, huku daftari lile lile likirudiwa mara ya tatu na ya nne. Bidii hiyo haina ubishi. Kinachotiliwa shaka ni kile ambacho akili hukifanya ndani ya saa hizo.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885, alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana na kuzikariri upya baada ya muda fulani, ili apime ni kiasi gani cha kazi ya awali kingeokolewa. Baada ya saa 1 zaidi ya nusu ilikuwa imepotea, baada ya siku 1 ilisalia takribani theluthi, na baada ya mwezi takribani sehemu moja ya tano. Ni kweli kwamba jambo lenye maana hudumu kuliko silabi tupu. Hata hivyo, umbo la upotevu huo, ambao huwa wa kasi mwanzoni kisha hupungua, linaonyesha kwamba marudio ya kwanza yanastahili kufanywa mapema, pengine kesho yake, na yanayofuata yaachiane nafasi inayozidi kurefuka.

Kosa kubwa zaidi, na lililo gumu kulitambua, ni kudhani kwamba kulizoea andiko ni kulijua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini fupi, kundi moja likaisoma mara 4, na jingine likaisoma mara 1 kisha likajaribu mara 3 kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, lakini baada ya wiki 1 walikumbuka asilimia 40 tu, ilhali wenzao walikumbuka asilimia 61. Kitendo hicho cha kuvuta jambo kutoka akilini bila kuchungulia kitabu huchosha na humfedhehesha mwanafunzi mbele ya nafsi yake, na huenda ndiyo sababu hukwepwa.

Mfano wa karibu ni mifupa 8 ya kiwiko cha mkono, ile iliyo kati ya kiganja na kigasha, ambayo hukaririwa kama wimbo kuanzia skafoidi hadi hamati. Atakayefunika mchoro na kuichora kwa mkono wake atajua papo hapo ni upi uliomponyoka. Na akijiuliza kwa nini skafoidi ikivunjika sehemu moja yake huweza kufa, atakumbuka kwamba damu huingia mfupa huo zaidi kupitia ncha iliyo upande wa vidole, kwa hiyo ufa ukipita katikati huikatia riziki ncha ya pili. Jina lililokuwa sauti tupu limepata sababu, na sababu hushika majina mengine.

Kuhusu kukesha, inatosha kusema kwamba usingizi ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa kuwa ndani yake ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana.

Wodini, wakati wa raundi, maswali hayafuati mpangilio wa sura za kitabu. Huletwa kijana aliyeanguka kwenye bodaboda akajikinga kwa kiganja, na maumivu yake yamekaa katika kibonde kilicho chini ya kidole gumba, ilhali picha ya eksirei haionyeshi ufa wowote. Mwanafunzi aliyewahi kujiuliza kuhusu damu ya skafoidi hataharakisha kumruhusu kijana huyo arudi nyumbani na dawa za maumivu peke yake. Atapendekeza mkono ufungwe usitikisike, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.