Fedha ya Marejesho ni Deni

Mtu akiingia katika duka la simu nchini Uingereza, akaambiwa kwamba simu atapewa bure, na ya kwamba katika pauni 30 atakazolipa kila mwezi kwa muda wa miezi 18 atarudishiwa pauni 180, hutia sahihi mkataba kwa furaha ya mtu aliyepunguziwa bei. Na hapo ndipo anapokosea, maana bei haikupunguzwa hata peni moja. Alichopewa ni ahadi, na ahadi hiyo ina masharti, na masharti yamechapwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi aliyoitia sahihi.

Biashara ya namna hii ilienea sana nchini humo katika miaka ya 2000, na jamaa zetu wengi waliohamia huko waliingia ndani yake kama wenyeji walivyoingia. Kampuni yenye mtandao humlipa mwenye duka ujira kwa kila mteja anayeiletea, naye mwenye duka huahidi kumgawia mteja sehemu ya ujira ule, lakini si kwa mkupuo mmoja, bali kwa mafungu, tuseme pauni 45 mara nne, na kila fungu lidaiwe kwa kupeleka ankara asili ya mwezi maalumu, mathalani wa tano, wa nane, wa kumi na moja na wa kumi na nne, ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyochapwa juu yake. Ankara ikichelewa siku moja, fungu limepotea. Ikipelekwa nakala badala ya asili, fungu limepotea. Walikuwapo wenye maduka walioahidi zaidi ya ujira waliopokea, wakitumaini kwamba wateja wengi watasahau, na waliposahau wachache kuliko walivyokadiria, fedha ya kuwalipa wengine haikuwapo.

Lazima ieleweke kwamba mteja huyu ana mikataba miwili, mmoja na kampuni ya mtandao na mwingine na mwenye duka, na kuvunjwa kwa huu wa pili hakumpi ruhusa ya kuuvunja ule wa kwanza. Akighadhibika akaacha kulipa ankara za kila mwezi, ataharibu jina lake kwa wakopeshaji, wala fedha yake ya marejesho haitasogea hatua moja. Kuanzia mwaka 2009 Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilizitaka kampuni za mitandao zichunguze maduka yanayoziuzia na ahadi yanazozitoa. Hata hivyo anayedaiwa hubaki kuwa yule aliyeahidi.

Wenye maduka hupenda kuinena fedha hii kana kwamba ni hisani, ya kutolewa au kuzuiliwa wapendavyo. Sheria ya Kiingereza ililikata shauri hili zamani, katika kesi ya Bibi Louisa Carlill, ambayo kila mwanafunzi wa sheria huisoma katika mwaka wake wa kwanza, nami naipenda hata leo. Mwezi wa Novemba 1891 kampuni moja iliyouza kitufe cha mpira chenye unga wa dawa, cha kuvutwa puani, ilitangaza gazetini kwamba mtu atakayekitumia mara tatu kila siku kwa majuma mawili, kisha akapatwa na homa ya mafua, atalipwa pauni 100, na ya kwamba pauni 1,000 zimekwisha kuwekwa benki kuthibitisha nia yao. Bibi Carlill alikinunua, akakitumia kama alivyoagizwa hata katikati ya Januari, akaugua. Alipodai, kampuni ikajibu kwamba tangazo lile lilikuwa maneno ya biashara tu, na tena bibi hakupata kuwaarifu kwamba amekubali. Mahakama ya Rufani, mwezi wa Desemba 1892, ilizikataa hoja zote mbili: aliyeahidi malipo kwa kila atakayetimiza sharti hufungwa na ahadi yake sharti linapotimizwa, na kulitimiza ndiko kukubali. Mteja wa simu ana nguvu zaidi ya bibi yule, kwa kuwa yeye amejifunga kwa sahihi yake miezi 18 kwa ajili ya ahadi hiyo.

Na masharti yenyewe yakiwa ya kumtega? Kanuni za mwaka 1999 zilisema, na baada yake Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inasema, kwamba sharti linaloelemeza mizani upande wa mfanyabiashara kinyume cha nia njema halimfungi mlaji. Hoja hiyo ni ya haki, lakini singemshauri mtu aitegemee ikiwa aweza kutimiza sharti, kwa sababu hakimu mmoja ataikubali na mwingine ataikataa, ilhali cheti cha posta hakina mjadala. Cheti hicho hutolewa bure dirishani kwa anayekiomba: kikaratasi chembamba chenye tarehe na anwani ya barua ilikokwenda. Kibandikwe nyuma ya nakala ya ankara siku ile ile.

Siku za malipo zikipita, iandikwe barua ya madai yenye kutaja kiasi, sharti lililotimizwa na muda wa kulipa, siku 14 kwa kawaida, kisha dai lipelekwe mahakamani, hata kwa njia ya intaneti. Hapa nasema juu ya England na Wales tu, maana Scotland ina utaratibu wake. Ngazi ya madai madogo, jina ambalo wasomaji wa Kenya wanalijua kwa sheria yao ya 2016, hupokea madai yasiyozidi pauni 10,000, na anayeshindwa kwa kawaida halipishwi ujira wa wakili wa mwenzake, basi maskini hana sababu ya kuogopa. Idaiwe kampuni kwa jina lake kamili kama lilivyosajiliwa, wala si jina lililo juu ya mlango wa duka. Madai mengi ya haki yamekwama hapo. Aweza kuomba pia riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo kwa pauni 180 ni pauni 14 na peni 40.

Sheria humpa mdai miaka 6, lakini asiitumie. Duka lisilowalipa wateja mara nyingi li karibu kufilisika, na likiisha kuwekwa mikononi mwa msimamizi, kesi husimama isipokuwa kwa idhini, na mteja huingia safu ya nyuma pamoja na wadai wasio na dhamana, ambao huambulia kidogo au hawapati kitu.

Mdaiwa asipojibu kwa wakati, mdai huomba hukumu bila kusikilizwa. Akipinga, tangu Mei 2024 pande zote mbili hupitishwa kwanza kwa msuluhishi, kwa simu, bila ada. Wasipopatana huketi mbele ya hakimu wa wilaya, mara nyingi katika chumba cha kawaida chenye meza, bila joho wala wigi, naye huuliza ankara ilipelekwa lini na kwa ushahidi gani. Baada ya hukumu, kampuni isipolipa katika mwezi mmoja, jina lake hubaki miaka 6 katika daftari ambalo benki hulisoma kabla ya kukopesha. Na kwa hofu hiyo hundi nyingi zilizokawia mwaka mzima huandikwa katika wiki ya nne.