Nyimbo Nyumbani Pasipo Bando

Katika Bariadi fedha za pamba huja kwa msimu, bali bando huisha kila siku chache. Na wengi wetu hudhani kwamba bando likiisha, kasida na taarabu nazo zimekwisha. Sivyo. Ruta ya nyumbani hupitisha sauti toka chombo hata chombo pasipo intaneti.

Mwaka 2012, mwaka ule ule ulioanzishwa Mkoa wa Simiyu, Uingereza ilitoa Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kadi, kwa dola 35. Itieni programu ya bure kama Volumio (hapo tu bando latakiwa), iungeni na spika na diski yenye nyimbo zenu. Simu ndiyo itakayochagua wimbo. Umeme ukikatika ghafula kadi yake huweza kuharibika, basi wekeni nakala.