Kichupa cha Vidonge au Chungu cha Nyumbani?



Kila ufikapo msimu, maswali huwa mengi: majamvi, mvua, makonyo, na bei. Lakini swali lililotugusa zaidi msimu huu halikuwa la karafuu. Lilitoka kwa mama mmoja, mwanachama mwenzetu, aliyesimama katika mkutano wa tawi lake na kichupa mkononi. Alikuwa amekwisha uza karafuu zake, akapita mjini, na huko akaambiwa kuwa vidonge vile vina vitamini zote na madini yote. Mtu akimeza kimoja kwa siku, hana haja ya kuhangaika na mboga. Alinunua pia dawa ya maji ya kuongeza damu kwa mwanawe wa miaka miwili, kwa sababu mtoto alikuwa amenyong'onyea na viganja vyake vimekuwa vyeupe.

Akauliza: "Nimpe au nisimpe? Na sisi wakubwa, tumeze vidonge hivi tuache kununua dagaa?"

Pale pale tulimwambia jambo moja tu: mtoto apelekwe kituo cha afya kwanza, kabla ya kupewa cho chote. Mengine tuliahidi kuyaeleza katika ukurasa huu.

VITAMINI ZILIVYOJULIKANA

Vitamini ni vitu ambavyo mwili wavihitaji kwa uchache sana, lakini ukivikosa huugua. Watu waliyaona maradhi hayo zamani kabla ya kulijua jina lake. Mwezi wa Januari 1499, merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitoka Bara Hindi. Mabaharia wake walikuwa baharini karibu miezi mitatu bila ya matunda wala mboga, na wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, fizi zimevimba na nguvu zimewatoka. Wale wagonjwa walipofika pwani yetu, kitu walichokitamani ni machungwa.

Tena, miaka ya 1890, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman, alipokuwa Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa ukawa mweupe wakipooza miguu, mfano wa watu wenye maradhi ya beriberi. Walipolishwa mchele usiokobolewa sana, walipona. Ile ngozi nyembamba ya mchele, iliyokuwa ikitupwa, ndiyo iliyokuwa na kinga. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 1929. Na jina lenyewe "vitamini" lilitokana na Casimir Funk, mtaalamu wa Kipolandi aliyekuwa London, mwaka 1912.

Tumeyataja haya ili tuone jambo moja: kila mara dawa ilipatikana katika chakula. Kidonge kilikuja baadaye kuiga sehemu ndogo ya kilichokuwamo sahanini.

WATAALAMU WAMEONA NINI

Huko Marekani, watu wengi mno humeza vidonge vya vitamini mchanganyiko kila siku. Mwaka 2024 ilitolewa khabari ya watu wazima zaidi ya 390,000 wenye afya njema, waliofuatiliwa kwa miaka zaidi ya 20. Waliomeza vidonge kila siku hawakuonekana kuishi zaidi ya wasiomeza. Na huko Finland, mwaka 1994, ilitangazwa kuwa wanaume wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, kile kitu kinachoipa karoti rangi yake, walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Kitu kilicho na manufaa ndani ya karoti na boga kiliwadhuru walipokimeza peke yake na kwa wingi.

Huenda mwanachama akasema: "Hao ni watu wanaoshiba. Sisi tunaokula muhogo na mchele mweupe, je?" Neno hilo ni la haki, wala hatulikatai. Upungufu kwetu upo kweli. Ndiyo maana inafaa tutazame yaliyotokea kwetu wenyewe.

Hapa kisiwani Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watoto wa umri wa mwezi 1 mpaka 35 waliingizwa katika uchunguzi mkubwa. Baadhi yao walipewa kila siku madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Hawakuchaguliwa kwa kupimwa damu. Walipewa wote tu, kwa nia njema. Mwezi wa Agosti 2003 kugawa chuma kulisimamishwa, kwa kuwa waliokipata walionekana kulazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wenzao. Malaria wakati ule ilikuwa nyingi. Lakini wale watoto waliopimwa wakaonekana wamepungukiwa na chuma hasa, hao walifaidika.

Khabari hiyo ilichapishwa mwaka 2006, na ulimwengu mzima ukajifunza. Tangu hapo malaria Unguja na Pemba imepungua sana, lakini Shirika la Afya Duniani bado lahimiza kwamba penye malaria, chuma kisigawiwe watoto bila ya kuwapo njia za kuikinga, kuipima na kuitibu. Elimu hii dunia imeipata kwa watoto wa Pemba. Itakuwa aibu ikiwa sisi wa hapa ndio tutakuwa wa mwisho kuijua.

NANI AHITAJI KIDONGE

Tusije tukafahamika vibaya. Hatusemi vidonge havina kazi. Dar es Salaam, wanawake waja wazito zaidi ya 8,000 waliingizwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007. Waliopewa vitamini mchanganyiko walizaa watoto wenye uzito mdogo kwa uchache kuliko wasiopewa. Asidi ya foliki nayo, ikianza kutumiwa kabla ya mimba na katika miezi ya mwanzo, hupunguza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi.

Kwa hiyo mja mzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki avimeze, wala asiviache kwa sababu ya maneno yetu. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 apelekwe kupewa matone ya vitamini A wakati wake. Mzee asiyeweza kula vizuri, mgonjwa aliyeandikiwa na daktari, na mtu asiyekula kabisa samaki, nyama, mayai wala maziwa, nao wana sababu. Hao wote wanafanana kwa jambo moja: upungufu wao wajulikana, na kipimo chao kimetolewa na mwenye ujuzi.

Mtu mwenye afya anayejinunulia kichupa ili asihangaike na mboga, huyo amelipia kitu kisichoweza kushika nafasi ya chakula. Kidonge hakimpi protini ya kujenga mwili, wala mafuta, wala nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, wala hakimshibishi. Tena vitamini nyingine, kama A, hujilimbikiza mwilini, na zikizidi kwa mja mzito humdhuru mtoto tumboni. Na vidonge vya chuma, ambavyo mtoto mdogo huvidhania peremende, vyaweza kumuua akivila vingi. Viwekwe juu, pasipofikiwa.

TUPIKE NINI

Mkulima wa karafuu haoni ajabu katika haya. Mche ulioshikwa na maradhi hutiwa dawa, lakini hakuna aliyeulea mkarafuu kwa dawa bila ya udongo mwema na maji.

Kwa wanga tunao muhogo, ndizi, shelisheli na wali. Hivyo hushibisha, ila peke yake havitoshi. Wali mweupe ni ule ule aliouona Eijkman. Basi tuusindikize kwa kunde, choroko au mbaazi. Dagaa wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao hutupa protini na chokaa ya mifupa. Samaki na mayai hutupa vitamini B12, isiyopatikana katika mboga.

Mchicha, matembele na kisamvu, pamoja na boga, papai na embe, hutupa asili ya vitamini A, na mwili huipokea vizuri zaidi pakiwapo mafuta. Kumbe bibi zetu walipoungia mboga kwa tui la nazi walifanya jambo la maana! Mboga zisichemshwe mno, wala maji yake yasimwagwe. Kisamvu ndicho pekee kisichotaka haraka: kitwangwe na kipikwe mpaka kiive kabisa, kwa sababu ya sumu yake.

Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na watoto huliokota bure. Vitamini hiyo husaidia mwili kupokea chuma kilichomo katika kunde na mboga. Basi ndimu ikamuliwe juu ya chakula. Chai ya rangi, kwa upande wake, hukizuia chuma. Yafaa ingoje kama saa moja baada ya kula. Na chumvi ya kununua iwe ile yenye madini joto.

Tunajua ugumu wake. Alfajiri mtu huenda kuchuma kwa chai na andazi. Usiku nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, hukaa kuchambua. Kwa hiyo msimu wa fedha ndio msimu ambao chungu husahauliwa. Shauri letu ni hili: fedha ya karafuu ikishikwa, kabla ya kitu kingine, itengwe ya dagaa na kunde kwa pishi, ya kukaa nyumbani mpaka kuchuma kuishe. Na kila nyumba yenye uwanda ipande japo tuta moja la mchicha na shina la mpapai. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Yule mama alikwenda kituoni. Mtoto alipimwa damu, malaria na choo. Malaria hakuwa nayo. Alikuwa na minyoo, na chuma kilikuwa kimempungukia kweli. Akapewa dawa ya minyoo, kisha dawa ya chuma kwa kipimo chake na siku zake. Huenda dawa hiyo ni ile ile aliyoinunua mjini. Lakini safari hii alijua kwa nini anampa mwanawe, na kiasi gani.

Tunawatakia nyote msimu wenye baraka.

Wahariri